Sekunde Elfu Ishirini na Moja na Mia Sita

Kikaratasi cha kwanza kilipowekwa mbele yake, Atuganile aliutambua mwandiko kabla hajasoma neno hata moja. Alikifunika kwa kiganja, kwa sababu mwenzake wa meza ya jirani alikuwa mtu wa kuona kila kitu.

Alikuwa na mwaka wa saba katika Nyumba ya Siku, jijini Mbeya, na kazi yake ilikuwa kugeuza nyakati. Watu walileta walichoachiwa na marehemu wao: ujumbe wa simu, sauti, picha, risiti, daftari za zamu, kumbukumbu za kamera za barabarani. Mtambo uliokuwa chini ya jengo ulivipanga vyote hivyo hadi saa moja ya siku iliyopita ikasimama tena ndani ya chumba, na mvua yake na vishindo vyake na sauti za waliokuwapo. Ndugu aliingia, akakaa, akasikiliza. Hakuweza kumwambia marehemu neno, na saa hiyo alipewa mara moja tu maishani. Watu waliuza mashamba zamani kwa ajili ya saa hiyo, hadi serikali ikaamua itolewe bure.

Ila mtambo haukuelewa asubuhi wala jioni, haukujua Jumapili wala mwezi wa Aprili. Ulijua namba moja tu: ni sekunde ngapi zimepita tangu usiku wa kuamkia tarehe mosi Januari, mwaka 1970, kwa saa ya Greenwich. Kitu kisicho na namba hiyo hakikuingia chumbani. Kwa hiyo Atuganile na wenzake walishinda wakisoma tarehe zilizoandikwa kila namna, mwezi ukitangulia siku au siku ikitangulia mwezi, wakipunguza saa tatu za Afrika Mashariki, wakiandika namba. Na palipoandikwa saa kwa mkono wa Mswahili, ilibidi kwanza waulize kama saa mbili yake ni ya asubuhi kwa hesabu ya huku, au ni ile ya wageni inayoanza kuhesabiwa usiku wa manane. Kati ya hesabu hizo mbili kuna tofauti ya saa sita, yaani sekunde elfu ishirini na moja na mia sita. Wageni wa kazi walicheka walipoambiwa kwamba hilo peke yake lilikuwa likiwala nusu ya wiki.

Vikaratasi vilivyokuwa mezani siku hiyo vilifukuliwa mwezi uliotangulia na mafundi wa barabara, ndani ya kopo la biskuti, mahali kilipokuwa kituo cha juu cha gari la waya katika bonde la Kasyelo. Gari hilo lilivusha watu na majani ya chai kutoka upande mmoja wa bonde hadi mwingine. Jumapili ya tarehe 17 Aprili 2072, saa kumi na mbili na dakika hamsini na mbili jioni, waya ulikatika katika upepo na watu kumi na wanne wakaanguka nao. Usiku uleule mlima uliporomoka ukakifunika kituo cha juu. Msimamizi wake, Ambakisye Mwasomola, hakupatikana. Lilipatikana koti lake tu, mbali sana chini ya kituo.

Ambakisye alikuwa mume wa Atuganile. Walikuwa wameishi pamoja miaka minne.

Sheria ya Nyumba ilikuwa wazi: mtumishi asiguse kumbukumbu za mtu wake. Lakini Atuganile alikuwa akitumia jina la baba yake kazini, vikaratasi viligawiwa kwa bahati nasibu, na vilikuwa vimetiwa saini ya A.M. tu. Alijua kwamba akisimama na kusema, vingechukuliwa dakika hiyohiyo. Alikuwa hana kaburi la kupalilia. Alikuwa hana hata sauti, kwa kuwa simu aliyokuwa nayo wakati ule iliibwa stendi ya Tukuyu, miezi miwili baada ya msiba, na kila alichowahi kutumiwa na mumewe kilikwenda nayo. Akavuta kiti karibu na meza, akasoma.

*

Vilikuwa thelathini na kimoja. Kila kimoja kilikuwa na muhuri wa tarehe uliopigwa na mashine, lakini saa iliandikwa kwa kalamu. Ambakisye alikuwa na kawaida ya kuvichomeka kwenye msumari uliopigiliwa ndani ya kopo, na msumari ulipong'oka vilichanganyika, hivyo mfuatano wake haukuwa na maana tena. Kimoja kilisema, “Saa 7:10, umeme umekatika.” Atuganile alilinganisha na kumbukumbu za umeme za siku hiyo: ulikatika saa saba na dakika kumi mchana. Kwa hiyo hapo alihesabu kama alivyofundishwa na mama yake. Kingine kilisema, “Saa 10:15, mkaguzi amefika,” na mkaguzi mwenyewe aliacha saini yake kwenye lango saa nne na robo asubuhi. Hapo alihesabu kama kampuni ilivyotaka.

Cha kumi na tisa kilisema, “Saa 1:20, njia imefungwa.”

Atuganile alikitazama kwa muda mrefu. Ikiwa ni saa moja na dakika ishirini ya kwao, ilikuwa jioni, karibu nusu saa baada ya gari kuanguka. Mumewe alikuwa ameiacha njia wazi katika upepo ule, akaifunga watu wakiwa wamekwisha kufa. Ikiwa ni ya kampuni, ilikuwa mchana, dakika kumi tu baada ya umeme kukatika, kama ambavyo msimamizi yeyote mwenye akili angefanya. Basi kosa lilikuwa la aliyeendesha gari kwenye njia iliyofungwa, na huyo alikuwa Gwamaka Mwalwisi, msimamizi wa kituo cha chini, ambaye kwa miaka tisa watu walimnyooshea kidole lakini tume ya uchunguzi haikupata ushahidi.

Aliandika namba zote mbili kwenye karatasi ya pembeni. 3228114000. 3228135600.

Bwana Nsajigwa, mkuu wa chumba chao, alipita akaiona ile karatasi, akasimama. Alikuwa mtu wa upole aliyezeekea katika kazi hiyo. Alimweleza jambo alilolijua tayari: kwamba kukiwa na njia mbili za kusoma na zote zina ushahidi, uamuzi ni wa msomaji, na akishaweka saini hakuna wa kuupinga. Akaongeza kwamba yeye, kwa maoni yake, angechukua ile ya mchana. Umeme ulikatika, mtu akafunga njia, inaingia akilini.

“Na huyu marehemu wa kituo cha juu ana mke,” alisema. “Jina lake lipo kwenye orodha ya maombi tangu mwaka wa kwanza. Tukisema yeye ndiye aliyesababisha, siku yake inafungwa. Hatampata tena.”

Siku ya aliyesababisha vifo haikujengwa. Sheria hiyo ilikuwa heshima kwa waliofiwa. Walikuwa wamegoma hadi wakaipata. Atuganile alilijua hilo kuliko Bwana Nsajigwa, maana mke huyo wa kwenye orodha, aliyejiandikisha kwa jina la ukoo wa mumewe, alikuwa yeye.

Alimjibu kwamba angefikiri mpaka kesho. Alipobaki peke yake alikirudia kikaratasi, na safari hii alitazama chini, kwenye saini. Vikaratasi thelathini vilikuwa na A.M., herufi mbili kubwa zenye mkia. Hiki kilikuwa na neno “Amba”.

Hakuna mtu katika jengo lile ambaye neno hilo lingemwambia kitu. Wangedhani wino ulikatika katikati ya jina. Lakini Amba ni jina alilolitumia Ambakisye nyumbani, alipoacha ujumbe juu ya sufuria kwamba amekwenda dukani, kwamba maji yamechemka, kwamba anarudi sasa hivi. Hakuwahi kulitumia kazini. Mtu anayefunga njia mchana kwa sababu ya umeme angeandika A.M. na kurudi kwenye chai yake. Huyu alikuwa ameandika kama mtu anayetoka nyumbani na kumwachia mkewe neno.

*

Gwamaka alikuwa akisaga nafaka Kiwira. Atuganile alimkuta amejaa unga hadi kwenye nyusi, na mashine ikinguruma hata hawakuweza kusalimiana. Akaizima. Alipomtambua alijifuta mikono polepole kuliko ilivyohitajika.

“Shemeji,” alisema. “Nimekungoja miaka tisa.”

Msomaji wa nyakati aliruhusiwa kumwendea shahidi na kumuuliza jinsi saa zilivyoandikwa, basi. Atuganile aliuliza hilo kwanza, ili aweze kujidanganya kwamba amekuja kikazi. Gwamaka alisema kila mtu aliandika alivyopenda. Mkaguzi akiwapo wanaandika ya kampuni, akiondoka wanaandika ya kwao. Kuhusu njia kufungwa mchana, alisema hakumbuki. Pengine ilifungwa, pengine haikufungwa. Siku ile ilikuwa na mambo mengi.

Atuganile angeweza kuishia hapo. Alikuwa amepata jibu lililoacha milango yote miwili wazi, na gari la kurudi Mbeya lilikuwa likipakia. Lakini aliketi juu ya gunia, akamwambia kuhusu kopo la biskuti, na kikaratasi, na namba mbili, na kila moja ingemfanyia nani nini. Hakuficha kwamba moja ingempa saa ya kukaa na mumewe, na Gwamaka ingempa jela.

Gwamaka alisikiliza hadi mwisho. Kisha alieleza, akitazama mashine badala ya kumtazama yeye, kwamba umeme uliporudi saa tisa walikubaliana kufanya kazi mpaka saa kumi na mbili tu, kwa kuwa upepo ulikuwa unakuja. Saa kumi na mbili ilipofika Ambakisye alipiga simu kusema anafunga. Na yeye, Gwamaka, akamwomba asifunge. Walikuwapo watu kumi na wanne uwanjani pake, wametoka kwenye harusi ya upande wa chini, wamelowa, hawana pa kulala. Waliongea karibu nusu saa. Ambakisye alikataa mara mbili.

“Mara ya tatu akaniambia, waje, mimi nawasubiri hapa juu.” Alifuta unga kwenye nyusi. “Waya ulipokatika akanipigia tena. Akasema anashuka kwa mguu kuwatafuta. Nikamwambia mlima unatembea, usishuke. Alikuwa ameshaweka simu chini.”

“Kwa nini hukusema, shemeji?”

“Waliniuliza kama njia ilikuwa imefungwa. Nikajibu haikuwa imefungwa, hawakuniamini. Hakuna aliyeniuliza nani alimwomba nani. Na mimi nikashukuru kutoulizwa.”

Nje mwanamke mmoja alikuwa amefika na debe la mahindi, akasubiri. Gwamaka alisema kwamba Atuganile aandike namba anayotaka. Akiandika ya mchana, yeye hataipinga. Huenda ni haki yake. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyechoka kubeba kitu na yuko tayari kukitua popote. Kisha akawasha mashine, kwa sababu mteja alikuwa akingoja.

*

Atuganile hakulala vizuri, lakini asubuhi alikuwa kazini kabla ya wengine. Usiku kucha alikuwa ameipigania ile namba ya mchana kama mtu anayetetea nyumba yake. Alijiambia kwamba Gwamaka mwenyewe amekubali, kwamba Ambakisye hakuwa na kosa la moyo, kwamba wafu kumi na wanne hawatafufuka kwa namba yoyote. Yote yalikuwa kweli. Lakini kila alipofika mwisho wa hoja alijiona ameketi katika kile chumba, Ambakisye anazungumza, na yeye anajua kwamba kilichomleta pale ni uongo juu ya neno la mwisho aliloandika. Aliona angemsikia na asiweze kumtazama.

Aliandika 3228135600. Mahali pa sababu aliandika mambo mawili: maneno ya Gwamaka, na maana ya saini. Chini yake, pasipokuwa na nafasi, akaongeza kwamba yeye ni mke wa mwandishi wa kikaratasi na kwamba alikuwa amelificha hilo kwa siku tatu. Akapeleka karatasi kwa mkono hadi mezani kwa Bwana Nsajigwa.

Bwana Nsajigwa alisoma mara mbili. Alivua miwani, akaivaa tena. Alisema tu kwamba angekuja kwake siku ya kwanza, angemtafutia mtu mwingine wa kukisoma, na huyo mtu mwingine huenda angeandika ya mchana.

“Najua,” Atuganile alisema.

Mambo yalichukua miezi mitatu. Kikaratasi kilisomwa upya na watu wawili wa Iringa wasiomjua yeyote, na kwa maelezo ya Gwamaka, aliyekwenda kuyatoa mwenyewe bila kuitwa, wakafikia namba ileile. Tume iliandika kwamba wasimamizi wote wawili waliendesha njia kinyume cha kanuni. Gwamaka alipewa kifungo cha nje, akaendelea kusaga. Siku ya Ambakisye ilifungwa. Atuganile alihamishwa kutoka chumba cha nyakati kwenda mapokezi, kwa kuficha, na jina lake likafutwa kwenye orodha ya maombi kwa mstari mmoja mwekundu aliouona kwa macho yake, maana sasa orodha ilikuwa mikononi mwake.

Hapo ndipo upweke ulipomshika kweli. Miaka tisa alikuwa amengoja saa fulani. Alipopika alikuwa akiingoja, alipofua alikuwa akiingoja. Sasa hapakuwa na cha kungoja. Alijikuta jioni anajaribu kuikumbuka sauti ya mumewe kwa nguvu, na kadiri alivyoivuta ndivyo ilivyogeuka kuwa sauti ya watu wengine, ya mjomba wake, ya mtangazaji wa redio. Kuna jioni alilitamka jina lake mwenyewe kwa sauti nzito, akijaribu kumwigiza anavyomwita kutoka mlangoni. Haikuwa yeye. Akaacha.

*

Bibi mmoja wa makamo alifika mapokezi siku ya Jumatano, amevaa kitenge kipya na viatu ambavyo ni wazi vilikuwa vinambana. Atuganile alimwamkia, na yeye akaitikia, akataja jina lake: Tusekile Kabuje, mama yake Sekela, mmoja wa wale kumi na wanne. Saa yake ilikuwa imepangwa saa nane mchana. Gari la waya lilikuwa na chombo cha kurekodi ndani, na kilifukuliwa pamoja na mengine.

Atuganile alimwonyesha kiti. Bibi hakukaa.

“Wewe ndiye mke wa yule wa juu,” alisema.

Atuganile alikubali. Alijiandaa kwa lolote. Wengine walikuwa wamekwisha kuja na kusema mengi.

Bi Tusekile alimweleza kwamba alisomewa ile karatasi kwenye kikao cha wafiwa, yote, hadi maneno yaliyobanwa chini. Alisema hakuja kumsamehe mtu, kwani hajui kusamehe kunafanywaje; kila asubuhi anaamka amekasirika upya. Lakini alikuwa na watoto wawili tu, na yule mwingine alikataa kuja naye. Alifika hadi mlango wa jengo akijiambia ataweza peke yake.

“Siwezi, mwanangu. Nataka mtu wa kukaa naye. Na nimeona afadhali awe mtu ambaye naye ana mtu wake mle.”

Atuganile alimwambia kwamba mumewe hamo, siku yake imefungwa.

“Siku yake imefungwa, sawa. Hii ni ya Sekela. Wameniambia kulikuwa na kipaza sauti ndani ya gari, na mtu wa juu alikuwa akisema nao.”

Sheria ilimruhusu mwenye saa kuingia na mtu mmoja amtakaye. Haikusema mtu huyo awe nani.

Chumba kilikuwa na viti viwili na giza la kijivu kama la jioni yenye ukungu. Mvua ilianza kwanza, juu ya bati. Kisha chuma kikalia, watu wakapanda, mmoja mmoja, wakicheka kwa baridi, wakisukumana. Sauti ya msichana ilisema samahani, samahani, na Bi Tusekile akaukamata mkono wa Atuganile kwa nguvu. Hakulia. Aliinama mbele tu, kama mtu anayechungulia kisimani.

Gari liliondoka. Kwa muda hapakuwa na kitu ila upepo na mlio wa waya, na mzee mmoja aliyekuwa akisimulia habari za mahari. Kisha kipaza sauti kilikwaruza.

“Karibuni,” mwanamume alisema. “Tulieni, msisimame upande mmoja. Dada mwenye jogoo, nakuona kwenye kamera. Mshike vizuri, nauli yake hajalipa.”

Sekela alicheka. Kilikuwa kicheko kirefu cha mtu aliyelowa na kuchoka, ambaye hakutegemea kuchekeshwa, na wengine wakacheka kwa sababu yake, na jogoo akapiga kelele katikati yao.

Bi Tusekile aligeuza uso. “Ndiye?” alinong'ona.

“Ndiye.”

Mama yule alibaki amemtazama. Mkono wake haukulegea. Juu yao mvua iliendelea, na wote wawili wakatega masikio ili lisije likawapita neno lolote atakalosema tena.